Mfuko wa udhamini wa jamii ni nini, na unasomeshaje vijana wetu?

Mtu akisikia mfuko wa udhamini wa jamii, yaani trasti ya jamii, mara nyingi anawaza NGO, au anawaza ile basari ya mbunge, na mimi naona hapo ndio watu wetu wanapoteza haki yao manake hivi vitu ni tofauti kabisa. Hiyo basari ya mbunge, yaani ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge ulioanza na sheria ya 2003, ni pesa ya serikali inayotengwa mwaka kwa mwaka, ikishagawanywa imeisha, na mwaka ujao mzazi anarudi tena na fomu yake, kwa chifu apigiwe muhuri, shuleni mwalimu asaini, ofisi ya eneo bunge, halafu asubiri. NGO nayo ina projekti na projekti ina mwisho. Mfuko wa udhamini wa jamii ni mali, iwe pesa taslimu, hisa, shamba au jengo la kukodisha, iliyowekwa kisheria mikononi mwa wadhamini ili itumike kwa faida ya watu wa eneo fulani kwa kazi iliyoandikwa, kwa mfano kusomesha watoto wa kata ile au kufunza vijana ufundi. Mali ile si ya wadhamini, si ya aliyeitoa tena, wala si ya mheshimiwa yeyote. Ni kwa ajili ya wanufaika, pamoja na wale ambao bado hawajazaliwa.

Kwa sisi wa pwani hili si jambo geni. Mombasa, Lamu, Unguja, mtu ana nyumba au shamba la minazi analiweka wakfu, kodi ya nyumba au pesa ya nazi inatunza msikiti na kumlipa mwalimu wa madrasa, na kuanzia siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu zawadi. Kenya tuna tume ya wakfu, na Zanzibar wana Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Trasti ya jamii ya kisasa inafuata njia hiyo hiyo, ila mtoaji anaweza kuwa kampuni, serikali, wafanyabiashara wa mji au wanakijiji wenyewe waliochanga, na badala ya dini moja inahudumia kila mkaazi wa eneo.

Kuna trasti zinazopokea pesa na kuzitumia zote mwaka ule ule, nazo ni trasti halali, lakini kwa maeneo yaliyoachwa nyuma mimi naipigania ile yenye mtaji usioguswa. Hebu tuhesabu. Tuseme jamii imepata shilingi milioni 10. Wakigawa zote kama basari ya elfu 40 kila mmoja, wanafunzi 250 wanapata, baraza zima linapiga makofi na mwaka wa pili akaunti iko sufuri. Wakiziweka kwenye bondi za serikali, yaani waikopeshe serikali kwa riba, tuchukulie zinalipa asilimia 12 kwa mwaka, inaingia milioni 1.2. Hapo wasile yote kwa sababu bei zinapanda na milioni 10 ya leo haitanunua kitu kile kile baada ya miaka 15, kwa hivyo warudishe laki 5 kwenye mtaji, laki 1 iende kwa odita na gharama za mikutano, inabaki laki 6. Hao ni wanafunzi 15. Ni wachache, najua, na hapa ndipo ugomvi huanza kwenye baraza kwa sababu mzazi mwenye mtoto aliyefukuzwa leo kwa karo humwambii habari za miaka 15 ijayo, na kilio chake ni cha haki. Lakini hao 15 ni kila mwaka bila kumuomba mtu, ikifika mwaka wa 17 wameshapita wale 250, na mtaji bado upo na umekua.

Mfano ulio karibu na mimi ni Kwale. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini iliyochimba huko mwanzoni mwa 2014, meli zikipakia Likoni, na uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Ni miaka kumi na kitu tu, mtoto aliyezaliwa mgodi ukifunguliwa hata kidato hajafika. Sheria ya madini ya 2016 inasema mrabaha, yaani ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayochimba, ugawanywe asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale madini yanapochimbwa, na kanuni za 2017 zikaongeza mkataba wa maendeleo ya jamii ambapo kampuni kubwa inatoa angalau asilimia 1 ya mapato ghafi ya mauzo ya madini. Hiyo asilimia 10 watu wa Kwale wameidai miaka mingi. Basari zilitoka, madarasa yalijengwa, na hayo yote ni mazuri, sisemi yasifanywe. Ninachosema ni kwamba madini hayaoti tena, na pesa inayotoka kwenye kitu kinachoisha ndiyo inayofaa zaidi kugeuzwa kitu kisichoisha. Kama kila mwaka mgodi unapofanya kazi sehemu fulani inafungiwa kwenye mtaji wa trasti, siku mitambo ikizimwa vijana wa Msambweni na Lunga Lunga bado wana pa kugonga mlango.

Afrika Kusini walijaribu kwa umeme. Tangu 2011 serikali yao inapotangaza zabuni za umeme wa jua na upepo, mwenye mradi lazima aache angalau asilimia 2.5 ya umiliki kwa jamii zinazoishi ndani ya kilomita 50, na hisa hizo kwa kawaida zinashikwa na trasti, gawio, yaani faida ya hisa, linaenda kwa elimu, afya, ujuzi wa vijana. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba jamii maskini haina pesa ya kununua hisa, kwa hivyo trasti nyingi zilikopeshwa na mashirika ya fedha ya serikali, na sehemu kubwa ya gawio inalipa mkopo kwanza, miaka mingi inapita watu wanaona mapanga ya upepo yanazunguka juu ya nyumba zao huku kinachowafikia ni kidogo. Anayewaletea jamii yako hisa muulize zimenunuliwa na pesa ya nani na deni linaisha lini.

Sasa upande wa ujuzi, ambao kwangu ndio moyo wa jambo lote. Kijana wa Kinango anaingia VTC, vyuo vya ufundi, zile tulizokuwa tunaita vilej politekniki, anasomea kushona au kuchomelea vyuma. Basari inalipa karo ya mwaka mmoja, wa pili jina lake halimo. Au amalize, halafu akose ada ya mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, bila cheti kontrakta hamchukui, na bila cherehani yake mwenyewe au mashine ya kuchomelea hata mtaani hawezi kujiajiri, kwa hivyo mwaka mmoja baadaye unamkuta kwenye bodaboda ya kukodi, ufundi umelala. Mfuko ambao utakuwepo mwaka huu na mwaka ule unaweza kumshika kijana mmoja safari nzima, yaani karo, nauli, mtihani, atachimenti kwa fundi anayeheshimika, na seti ya vifaa siku anayomaliza. Afadhali vijana 8 waliofikishwa mwisho kuliko 40 waliolipiwa muhula mmoja. Najua wengi hamtakubaliana na mimi hapa ila nimeshawaona wengi sana walioachwa katikati.

Kwa historia kidogo, trasti ya jamii ya aina hii ya mji mzima ilianza Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na mwanabenki Frederick Goff. Alikuwa ameona wosia za matajiri zilizofunga pesa kwa makusudi yaliyopitwa na wakati, pesa ipo benki na hakuna anayeweza kuigusa. Akaunda mfuko ambao kamati ya watu wa mji inaweza kubadilisha matumizi mahitaji yakibadilika. Somo hilo ni la maana kwa hati zetu, manake hati iliyoandikwa "kufundisha taipureta" ingekuwa imekufa zamani, lakini "kufundisha vijana wa eneo kazi zenye soko" inaishi. Hapa Kenya shirika la KCDF (Kenya Community Development Foundation), lililoanzishwa 1997, limekuwa likisaidia vikundi vya vijijini kujenga mtaji wao, pesa za vikundi zikiwekezwa pamoja, kwa hivyo si lazima usubiri mgodi au mzungu.

Mahali trasti inapooza ni kwa wadhamini. Chifu, jamaa wa MCA (mjumbe wa bunge la kaunti), mwenyekiti yule yule wa kila kamati, na watoto wanaopata ni wa kwao. Hati nzuri inaweka muda wa mdhamini kukaa, inaweka nafasi za wanawake, vijana na walemavu, inamtoa nje ya kikao mdhamini ambaye mtoto wake ameomba, na inataka majina ya waliopata na hesabu iliyokaguliwa yabandikwe pale watu wanaposoma, mlango wa ofisi ya chifu, msikitini, kanisani. Mwananchi wa kawaida ana haki ya kuuliza hati iko wapi, mtaji ni kiasi gani na umewekwa wapi, nani alipata mwaka jana. Wadhamini wakikataa kujibu, sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya Kenya kifungu cha 62 inaruhusu Mwanasheria Mkuu, au watu wawili au zaidi wenye maslahi kwenye trasti ya hisani wakiwa na kibali chake cha maandishi, kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kumwondoa mdhamini, kuteua mwingine na kuamuru hesabu zitolewe. Ni watu wawili tu wanaohitajika, na hata mama mboga na mvuvi wanatosha.