Texas: tunayoyaamini na yaliyotokea kweli

Mtajie mtu Texas atakwambia kofia, farasi, mafuta na bunduki, na kama ana ndugu Houston au Dallas ataongezea na joto. Sawa, ila kwenye historia ya hilo jimbo kuna mambo kibao yanarushwa mitandaoni kila siku na hayako hivyo, na ukifuatilia vizuri utaona karibu kila palipopindishwa kulikuwa na watu weusi wakatolewa kwenye stori.

Tuanze na jepesi. Eti Texas ndio jimbo kubwa kuliko yote Marekani. Ilikuwa kweli mpaka Januari 1959, Alaska ilipofanywa jimbo, na Alaska ni zaidi ya mara mbili ya Texas. Kwa kulinganisha na huku kwetu, Texas inaizidi Kenya lakini Tanzania inaizidi Texas. Hilo limeisha.

Sasa Alamo, hapa ndipo penye maneno. Stori maarufu ni kwamba Wamarekani wachache wazungu walijifungia kwenye misheni ya zamani iliyogeuzwa ngome pale San Antonio, jeshi la Mexico likawazingira siku 13, na tarehe 6 Machi 1836 wakauawa wote mpaka wa mwisho wakipigania uhuru dhidi ya dikteta Santa Anna. Udikteta ni kweli, tusimwonee huruma, jamaa aliifuta katiba ya 1824 na hata Zacatecas ndani ya Mexico kwenyewe waliasi akawapiga vibaya. Lakini hayo mengine je?

Sio wote waliokuwa ndani walikuwa wazungu wa Marekani. Walikuwepo Watexas wenye asili ya Mexico, mmoja wao Gregorio Esparza alifia humohumo, na aliyeomba ruhusa ya kumzika ni ndugu yake Francisco ambaye alikuwa upande wa Mexico! Na makamu wa rais wa serikali ya muda ya Texas, Lorenzo de Zavala, ni mzaliwa wa Yucatán. Pia sio wote waliuawa. Wanawake na watoto waliachwa, na aliachwa Joe, mtumwa wa kamanda William Travis, na ni huyu Joe aliyeenda kuwaeleza viongozi wa Texas jinsi mapigano yalivyokuwa. Walimsikiliza vizuri kabisa, halafu wakamrudisha kwenye mirathi ya Travis kama mali. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Aprili 1837, siku Texas inasherehekea mwaka mmoja wa ushindi wa San Jacinto, vita iliyomshinda Santa Anna, Joe akatoroka. Mimi naona huyu ndio angechongewa sanamu ya kwanza.

Na huo uhuru waliokuwa wanaupigania ulikuwa wa nani? Mwaka 1829 rais wa Mexico, Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika, alipiga marufuku utumwa nchi nzima. Walowezi waliotoka majimbo ya kusini ya Marekani na watumwa wao kuja kulima pamba Texas wakapiga kelele mpaka Texas ikasamehewa hiyo amri, na hata kabla ya hapo walikuwa wanazunguka sheria kwa kuwasainisha watumwa mikataba ya kazi ya miaka 99, yaani unajua kabisa ni utumwa ila kwenye karatasi unaitwa ajira. Sisemi vita yote ilikuwa ya utumwa, kulikuwa na ugomvi wa ushuru, wa madaraka kuvutwa yote Mexico City, wa kuzuiwa wahamiaji wapya mwaka 1830. Ila soma katiba waliyoipitisha Machi 1836, siku chache baada ya Alamo kuanguka: bunge halina ruhusa ya kuwaachia watumwa huru, mwenye mtumwa naye hawezi kumwachia huru bila kibali cha bunge labda ampeleke nje ya nchi, na mtu mweusi aliye huru haruhusiwi kuishi Texas moja kwa moja mpaka bunge likubali. Ndio maana maelfu ya watumwa walikuwa wanakimbilia kusini, wanavuka mto Rio Grande kwenda Mexico, wakati sisi tumezoea kusikia kwamba watumwa wote Marekani walikimbilia kaskazini.

Hii nyingine huibuka kila uchaguzi: eti Texas iliingia Marekani kwa mkataba maalum unaoiruhusu kujitoa ikitaka. Hakuna kitu kama hicho. Ni kweli ilikuwa nchi inayojitegemea karibu miaka kumi kabla ya kujiunga Desemba 1845, na azimio la kuipokea lilisema inaweza kugawanywa yakatoka majimbo mengine mpaka manne, nadhani watu huchanganya hapo. Kujitoa ilijaribu mwaka 1861, na tamko lake la sababu linautaja utumwa waziwazi bila aibu. Gavana Sam Houston, shujaa wa San Jacinto mwenyewe, alikataa kula kiapo kwa serikali mpya ya kusini wakamvua ugavana. Vita ya kaskazini na kusini ikaisha kusini wakiwa wameshindwa, na 1869 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Texas dhidi ya White ikasema jimbo haliwezi kujitoa lenyewe tu.

Halafu Juneteenth, sikukuu ya kukumbuka watumwa wa Texas walivyotangaziwa uhuru. Watu wanaandika kwamba tarehe 19 Juni 1865 ndio utumwa uliisha Marekani, na kwamba watumwa wa Texas walichelewa miaka miwili na nusu kwa sababu habari zilikuwa hazijafika. Telegrafu ilikuwepo jamani, magazeti yalikuwepo, tangazo la Rais Lincoln la Januari 1863 la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi mabwana walilijua na watumwa wengi walishalisikia. Kilichokosekana ni jeshi la kulitekeleza. Tena matajiri wa Louisiana na Mississippi walikuwa wanawahamishia watumwa wao Texas makusudi ili majeshi ya kaskazini yasiwafikie. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 182,566 Texas, karibu mtu mmoja kati ya watatu, na vita inaisha inakadiriwa walifika 250,000.

Kwahiyo Jenerali Gordon Granger wa jeshi la kaskazini alipotoa ile Amri Namba 3 pale Galveston hakuleta habari mpya, alileta askari. Na amri yenyewe wengi hawaisomi mpaka mwisho, maana baada ya kusema watumwa wote ni huru inawashauri wabaki palepale kwa mabwana zao wafanye kazi ya mshahara, na inawaonya kwamba hawatalishwa wakiwa wamekaa bure. Kuna mabwana walinyamaza mpaka mavuno yakaisha ndio wakasema. Na Delaware na Kentucky utumwa uliendelea kisheria mpaka Desemba 1865, marekebisho ya 13 ya katiba yalipopita.

Hata sikukuu yenyewe haikuanzia Washington. Watu weusi wa Texas walianza kuisherehekea 1866, na 1872 wa Houston wakachanga dola 1,000 wakanunua uwanja wao, Emancipation Park, upo hadi leo. Jimbo likaifanya sikukuu rasmi 1980, nchi nzima ikafuata 2021.

Makauboi nao, tunaowaona ni wazungu watupu, wakati kazi yenyewe waliijua kwanza Wamexico, kamba na matandiko yametoka kwao, na wanahistoria wanakadiria mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi, wengi wao walioanza na ng'ombe wakiwa bado watumwa.

Na mafuta, eti ndiyo yaliyoijenga Texas tangu mwanzo. Kisima cha Spindletop karibu na Beaumont kililipuka tarehe 10 Januari 1901, kikarusha mafuta hewani siku tisa kabla hawajakifunga. Kabla ya hapo ilikuwa pamba na ng'ombe, na mji wa pesa ulikuwa Galveston, bandari ya pamba, ambao miezi minne tu nyuma, Septemba 1900, ulipigwa na kimbunga kikaua watu wasiopungua 6,000. Wengi hudhani kilichoua zaidi ni kimbunga Katrina, lakini hakuna janga la asili Marekani lililoua watu wengi kama hilo la Galveston.