Msiniambie tena kwamba watu wetu hawapendi mabadiliko

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya katikati ya Lubumbashi, mkurugenzi aliniambia maneno ambayo nimeyasikia karibu katika kila kazi niliyoitiwa kama mshauri wa mabadiliko kazini: "Mama, mpango wetu ni mzuri. Shida ni watu. Watu wetu hawapendi mabadiliko." Akaniomba niwaandalie semina ya siku 2 ili niwabadilishe fikra. Nilikataa. Pale nilipewa dakika 10 za kujieleza na hazikutosha, kwa hiyo namalizia hapa.

Tuanze na hao watu wetu. Mzee wa hapa mwenye miaka 65 alizaliwa Élisabethville, na leo anaishi Lubumbashi bila kuwahi kuhama. Alizaliwa Mkongo, akawa Mzaire mwaka 1971, akarudi kuwa Mkongo mwaka 1997. Mwaka 1993 aliambiwa kwamba zaire 3,000,000 sasa ni zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Mwaka 2015 Katanga yake ilikatwa vipande 4, naye akajikuta ni mtu wa Haut-Katanga. Baada ya hayo yote akajifunza kutuma pesa kwa simu, akifundishwa na mjukuu wake barazani. Huyo ndiye asiyependa mabadiliko?

Tena zile noti za 1993 ningependa kila mkurugenzi azikumbuke. Watu wa eneo la Kasai walizikataa, wakaendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani. Huko Kinshasa jambo hilo lingeweza kuitwa ukaidi. Lakini noti mpya zilichapwa bila kikomo, na bei zikapanda kwa kasi zaidi kwa waliozipokea kuliko Kasai. Wauza mihogo walikuwa wamepiga hesabu ambayo wenye mpango hawakuipiga.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na kampuni moja ya malori, sitaji jina. Walikuwa wanaondoa fishi, yaani kadi za karatasi za kumbukumbu, katika depo ya vipuri na kuweka programu ya kompyuta. Kila mtu alikubali isipokuwa mzee wa depo, mwenye miaka 22 kazini. Niliambiwa ni mpinzani, ni mtu wa zamani, na huenda ana mambo yake ya kuficha. Barua ya kumhamisha ilikuwa tayari imeandikwa.

Nilikaa naye siku 3, na siku ya kwanza hatukuzungumza juu ya kompyuta hata kidogo. Siku ya pili aliniletea fishi ya filta ya mafuta. Mbele kulikuwa na tarehe, idadi na saini, kama fishi yoyote. Pembeni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: hizi ni nene, haziingii kwenye malori ya zamani, mpe fundi zile za boksi la chini. Katika programu, filta zote mbili zilikuwa na namba moja. Aliyeandaa orodha aliona jina moja akaweka namba moja. Fishi 300 na zaidi zilikuwa na maandishi ya pembeni ya namna hiyo, na hakuna aliyemwuliza ni ya nini.

Kisha zamu ya usiku. Lori likiharibika saa nane za usiku, fundi alikuwa anakuja na mlinzi, anatia saini, anachukua kipuri. Katika mpango mpya, kutoa kitu kulihitaji neno la siri, na waliokuwa nalo walikuwa 2, wote wamelala nyumbani kwao. Lori lingesimama mpaka asubuhi, na asubuhi angeitwa nani? Mzee aliniambia kwa Kiswahili chetu: "Miye shikatale kazi, mama. Nakatala kubeba kosa ya mashini." Yaani hakatai kazi, anakataa kubebeshwa kosa la mashine.

Kwa wakubwa wake hilo lilikuwa upinzani. Kwangu mimi ilikuwa ripoti ya bure juu ya makosa 2 ya mpango, kutoka kwa mtu pekee aliyeyajua. Neno "upinzani" ndilo linaloniudhi kuliko yote katika taaluma hii, kwa sababu ukishalitamka, uchunguzi umekwisha. Halikuelezi kama mtu anajua kitu usichokijua, au anapoteza kitu usichokiona, au hawezi na anaona aibu kusema, au hakuamini tu. Hayo ni mambo 4 yenye dawa 4 tofauti, na semina haitibu 3 kati yake.

Hiyo ya kupoteza mara nyingi inajificha pasipotazamwa. Mahali pengine walihamisha mishahara kutoka dirisha la kesi, yaani la mtunza fedha, kwenda benki. Ilikuwa hatua nzuri, hata serikali ilianza kufanya hivyo kwa watumishi wake mwaka 2011. Mafundi wa karakana wakagoma kujaza fomu. Menejimenti iliwaza siasa, sindika (chama cha wafanyakazi), uchochezi. Kumbe mafundi walikuwa na likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, ya watu 12 iliyozunguka siku ileile ya mshahara, uwanjani, mbele ya macho ya wote. Benki ingelipa wengine Jumatatu na wengine Alhamisi. Asiyelipwa siku ile atachangia nini, na aliyefikiwa na zamu yake atalipaje karo ya shule? Siku ya kulipwa ilifanywa kuwa moja kwa karakana nzima, na fomu zilijazwa zote wiki hiyohiyo.

Na hiyo ya kutoamini, hapa kwetu ina historia. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Karibu kila familia ya mji huu ina mjomba au baba aliyepanga foleni ile. Ukisimama leo mbele ya watoto wao na kusema "mageuzi" au "hiari", usishangae ukumbi ukinyamaza. Wanakumbuka. Sema kazi ngapi zitabaki, na kama hujui, sema hujui. Na kama kuna watu watapunguzwa kwa sababu za kiuchumi, Sheria ya Kazi ya 2002 inataka wawakilishi wa wafanyakazi waulizwe kwanza, kwa hiyo kuficha hakukusaidii hata kisheria.

Mambo ya vitabuni nayapitia haraka. Hatua 3 za mabadiliko za Kurt Lewin, hatua 8 za John Kotter: zitumie kama orodha ya kukumbushana, si zaidi. Ule mchoro wa hisia za watu wakati wa mabadiliko, unaoshuka na kupanda, umetokana na daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyeandika mwaka 1969 juu ya wagonjwa wanaokaribia kufa. Mtu aliyebadilishiwa fomu hayuko kitandani akifa. Na ile asilimia 70 ya mabadiliko "yanayoshindwa", ambayo washauri wenzangu wanawatisha watu nayo, mizizi yake ni makadirio ya Michael Hammer na James Champy ya mwaka 1993, ambayo wao wenyewe walisema si ya kisayansi. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alitafuta ushahidi wake na hakuupata.

Jaribio ninaloliheshimu ni la watafiti Lester Coch na John French, lililochapishwa mwaka 1948, katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, Virginia, Marekani. Kundi lililotangaziwa tu kazi mpya lilipoteza asilimia 17 ya watu wake katika siku 40 za kwanza, na uzalishaji wake ulibaki chini. Makundi ambayo kila mtu alishiriki kupanga kazi mpya yalirudi haraka kwenye kiwango chao, kisha yakakipita kwa takriban asilimia 14. Wataalamu wengi huishia hapo. Lakini French na wenzake walirudia jambo hilo Norway, katika kiwanda cha viatu, wakachapisha matokeo mwaka 1960, na tofauti ya uzalishaji haikuonekana. Nadhani wafanyakazi wa kule walikuwa na chama chao, na mazungumzo ya aina hiyo walitaka yapitie huko. Kwa hiyo sina uhakika kwamba kushirikisha watu kunafaa popote kwa namna moja. Kuna mikutano niliyoiongoza ambapo uamuzi ulikuwa umeshafanywa juu, nasi tukaitisha maoni ili watu wajisikie wamesikilizwa. Nilijua hivyo, na nililipwa. Watu walijua pia, na mara ya pili nilipokuja hawakusema kitu.

Na wapo wanaokataa kwa sababu wanaiba, hilo silifichi. Nimekutana na mtunza mafuta aliyepinga mita mpya kwa hoja nzuri sana za kiufundi, nikazipeleka mbele, na baadaye ikajulikana mapipa yalikuwa yakitoka usiku. Ukinionyesha mwizi na mwenye hoja siku ya kwanza, siwezi kuwatofautisha. Nilichojifunza ni kupima hoja yenyewe badala ya moyo wa anayeitoa. Hoja za yule wa mafuta juu ya mita zilikuwa za kweli, na mita ilibidi irekebishwe hata baada ya yeye kuondoka.

Mzee wa depo hakuhamishwa. Programu iliongezewa sehemu ya maelezo, namba za filta zikatenganishwa, na msimamizi wa usiku akapewa neno lake la siri. Mimi nikaandika ripoti nikaondoka nikiwa nimeridhika. Miezi 2 baadaye nilipita pale kwa kazi nyingine na kumkuta bado anaandika kwenye fishi kwanza, kisha kijana mmoja anaingiza kwenye kompyuta. Nikamwuliza kilichobaki ni nini. Alisubiri kijana atoke nje, akafunga mlango, akaniambia herufi za kwenye kioo ni ndogo, hazioni. Siku 3 nilikaa naye kwenye meza ileile, na hilo sikuliuliza.