Nyambizi haivunji barafu kwa mbio

Wengi hudhani nyambizi ya nyuklia hupasua barafu ya Aktiki kwa kuigonga kwa kasi. Ikithubutu, itajiumiza yenyewe. Kwanza hutafuta barafu nyembamba kwa sona (kifaa kinachopima kwa mawimbi ya sauti) inayotazama juu, kisha husimama, hutoa maji kwenye matangi yake na kupanda wima, polepole, mnara wake ulioimarishwa ukiisukuma barafu mpaka ipasuke. Ndivyo nyambizi ya Marekani USS Skate ilivyoibuka Ncha ya Kaskazini Machi 1959. USS Nautilus, mwaka 1958, ilipita hapo chini kwa chini tu.

Na kambi ambazo jeshi la majini la Marekani huweka kwa mazoezi ya nyambizi kwenye Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska? Hazina ardhi chini yake. Hukaa juu ya pande la barafu linaloelea, likisogea nazo. Nyambizi ikiibuka, wanakambi huondoa barafu iliyoziba mlango, mabaharia wapate kutoka.