Rimu na Matairi Mapya kwa Gari la Spoti: Anza na Mpira, Rimu Ifuate

Mwenye gari la spoti anapotaka kubadilisha rimu na matairi, mara nyingi huanza kwa kuchagua rimu iliyomvutia macho, kisha hutafuta tairi la kuivalisha kwa fedha zilizobaki. Kwetu sisi wahandisi wa usalama wa magari, utaratibu huo umekaa kinyume. Kinachogusa barabara ni mpira, tena kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja kwa kila tairi, na eneo hilo dogo ndilo linalobeba kazi yote ya kufunga breki, kukata kona na kupokea nguvu za injini. Rimu nzuri iliyovalishwa tairi hafifu inaweza kulifanya gari lichelewe kusimama kuliko lilivyokuwa lilipotoka kiwandani.

Kabla ya kununua chochote, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi ulilonalo, pamoja na kibandiko ambacho katika magari mengi huwekwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tuchukue mfano wa tairi lililoandikwa 225/45R17 91W. Upana wake ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 101 hivi, herufi R huonyesha kuwa ni tairi la radiali, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 615, na W kwamba limejengwa kuhimili mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Alama hizi mbili za mwisho hupuuzwa sana na wanunuzi kwa hoja kwamba hakuna anayekimbia kiasi hicho, ilhali zinaeleza pia uwezo wa tairi kustahimili joto na mzigo. Kwa hiyo usishuke chini ya kile alichoagiza mtengenezaji wa gari.

Anayetaka rimu kubwa zaidi hana budi kupunguza kimo cha ubavu ili kipenyo cha gurudumu zima kibaki karibu palepale. Tairi la mfano wetu lina kipenyo cha milimita 634. Ukihamia 225/40R18 unapata milimita 637, tofauti isiyofika nusu ya asilimia. Lakini ukichukua rimu ya inchi 18 na kuacha ubavu wa asilimia 45, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 4, hivyo mshale wa spidi unaposoma 100, gari huwa linakwenda karibu 104 ikiwa awali ulisoma sawasawa. Ikumbukwe pia kwamba ubavu mfupi hulipatia gari wepesi wa kuitikia usukani, lakini huacha nafasi ndogo ya kupunguza pigo la shimo, na rimu kubwa kwa kawaida huwa nzito zaidi. Kwa gari linalotumika kila siku, sioni sababu ya msingi ya kupanda zaidi ya inchi moja.

Sehemu inayoleta makosa mengi ni namna rimu inavyokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ambako rimu hufungwa. Idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake lazima vilingane kabisa: rimu ya 5x112 haifai kwenye habu ya 5x114.3, hata kama nati zinaweza kulazimishwa zikashika, kwa sababu boliti zitakazwa kwa mshazari na zinaweza kulegea au kukatika safarini. Tundu la katikati nalo likiwa pana kuliko habu huhitaji pete ya kujazia, la sivyo usukani unaweza kutetemeka. Nati zenyewe zina maumbo tofauti pale zinapokalia rimu, mengine ya pia na mengine ya mviringo, na hayabadilishani.

Kisha kuna namba ya ET, inayoeleza rimu itakaa ndani au nje kiasi gani. ET45 maana yake ni kwamba uso wa rimu unaokaa kwenye habu uko milimita 45 kuelekea nje kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu. Tuseme gari lina rimu ya inchi 7.5 yenye ET45, na mwenyewe anataka ya inchi 8.5 yenye ET35. Ukingo wa nje utasogea nje kwa milimita 22.7, na wa ndani utaingia kwa milimita 2.7. Anayeangalia upana peke yake hatatambua kwamba tairi linaweza kuanza kukwaruza fenda gari likibeba abiria au likiingia kona kwa nguvu, wala kwamba beringi za magurudumu zimeongezewa mzigo. Upande wa ndani, hakikisha rimu haigusi kalipa ya breki, yaani kifaa kinachobana diski, ambayo katika magari ya spoti huwa kubwa.

Rimu za aloi zilizofuliwa kwa mgandamizo kwa kawaida huwa imara na nyepesi kuliko za kumiminwa, ila bei yake ni kubwa. Tafuta alama za viwango kama JWL, ambayo ni ya Japani kwa rimu za aloi, na ukinunua rimu iliyotumika, ikaguliwe upande wa ndani, ambako nyufa na sehemu zilizochomelewa hujificha.

Kwenye tairi lenyewe, tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, iliyochapwa ubavuni, huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Kashata nzima, yaani meno ya tairi yasiyolika, hazithibitishi kuwa mpira bado ni laini. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne livalishwe matairi yenye mzunguko unaolingana, kwani tofauti huchosha difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Ukinunua mawili tu kwa gari jingine lenye saizi moja mbele na nyuma, yafungwe nyuma, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye maji dereva hupata shida zaidi kulirudisha gari kwenye njia.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, na kama saizi imebadilika, mwombe muuzaji akuonyeshe jedwali la mzigo na upepo la tairi hilo jipya.