Kabla Hujanunua Alumini: Spea Halali za TT-02

Jumapili iliyopita kijana mmoja aliweka gari lake la rimoti, TT-02 ya kampuni ya Tamiya, mbele yangu kwenye meza ya ukaguzi, na alipolivua bodi tu nikajua siku yake imeharibika. Propela shafti ya alumini ya buluu, mikono ya juu ya buluu, kishikio cha mota cha buluu. Nikamwomba pakiti zilizokuja na hivyo vitu. Hakuwa nazo.

“Anko, dukani waliandika kabisa kwamba ni vya TT-02.”

“Kuingia vinaingia, mwanangu. Ila havimo kwenye orodha ya spea zinazoruhusiwa.”

Tamiya huzipaka spea zake nyingi za alumini rangi ya buluu, na wanaoziiga wanaijua rangi hiyo vizuri. Kwa macho huwezi kuzitenganisha kila mara, ndiyo maana nadai pakiti na namba ya bidhaa. Kijana alikuwa na dakika kumi za kurudisha plastiki zake za mwanzo, na bahati nzuri alizibeba. Lakini fedha aliyodunduliza miezi mitatu ilikuwa imelala kwenye sanduku la zana, haina kazi. Jambo hilo liliniuma, na ndilo lililonifanya nikae niandike.

Naishi Leicester, Uingereza, na majira ya baridi klabu yetu hukimbiza magari ya rimoti ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, juu ya zulia. Darasa, yaani kundi la mashindano, ninalolikagua ni la TT-02, gari ambalo Tamiya walilitoa mwaka 2013: kipimo cha 1/10, magurudumu yote manne yanavuta, nguvu inapita kwenye shafti ya katikati, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 257. Klabu nyingi hulipenda kwa sababu ni la bei nafuu na kila mtu anaanza na kitu kilekile. Mtu asije akashinda kwa unene wa pochi yake.

Hapo ndipo wageni wengi wanapopotea. Barabarani, kisichokatazwa kinaruhusiwa. Kwenye darasa kama letu mambo ni kinyume: kisichotajwa hakiruhusiwi. Kwa hiyo usiisome kanuni ukitafuta neno “marufuku”. Tafuta jina la spea unayotaka kununua, namba yake, na chesisi iliyotajwa. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa TT-02 ina ndugu. Type S ina mfumo wa saspensheni tofauti kabisa, na toleo la R linatoka kiwandani likiwa na spea kadhaa za ziada ndani ya boksi. Spea inaweza kuwa ya Tamiya, imetengenezwa na Tamiya, na bado ikawa haramu kwenye TT-02 ya kawaida. Klabu ya mji wa jirani inaweza pia kuruhusu ninachokikataa mimi. Kabla hujatoa hela, pata kanuni za mahali utakapokimbilia, tena za msimu huu.

Sasa twende kwenye manunuzi yenyewe.

Anza na beringi, na kama fedha ni kidogo, ishia hapo kwanza. TT-02 ya kawaida huja na bushi za plastiki mahali pa beringi nyingi. Bushi hazikwamishi gari zikiwa mpya, lakini kwenye zulia lenye vumbi la nyuzi zinalika upesi, tundu linapanuka, gurudumu linaanza kucheza. Gurudumu likicheza, kila kipimo ulichokiweka kwenye saspensheni kinakuwa uongo. Beringi unazohitaji zinaitwa 1150, maana yake kipenyo cha nje ni milimita 11 na tundu ni milimita 5. Sijawahi kuona darasa la TT-02 linalozikataa. Zipo zenye ngao ya mpira na zenye ngao ya chuma. Za chuma huzunguka kwa wepesi zaidi zikiwa mpya, za mpira huzuia uchafu vizuri zaidi, na mimi kwenye zulia nafunga za mpira. Za kauri achana nazo. Kwetu haziruhusiwi, na hata zingeruhusiwa, faida yake kwa mota dogo namna hii ningeitafuta nisiione.

Baada ya beringi, shokomzoba. Zile zinazokuja na gari hazina mafuta: kinachozuia springi ni msuguano wa plastiki na plastiki tu. Gari likipita juu ya mshono wa zulia linadunda, tairi inaachana na ardhi, na tairi iliyo hewani haikati kona. Za mafuta hufanya kazi kwa namna nyingine. Ndani kuna pistoni yenye vitundu, mafuta yanalazimika kupita humo kila shokomzoba inapobonyea au kurefuka, na ule ugumu wa kupita ndio unaotuliza gari. Kanuni yetu inaruhusu aina ya CVA, ya plastiki, na inakataa za alumini. Msisikitike. CVA iliyofungwa kwa uangalifu inaishinda ya alumini iliyofungwa haraka haraka, na hili nimelipima kwa saa zaidi ya mara moja. Jaza mafuta, sukuma pistoni taratibu juu na chini mpaka mapovu yaishe, acha zisimame dakika kadhaa, ndipo ufunge kifuniko. Zote nne ziwe na urefu sawa. Mimi naanza na mafuta ya uzito namba 400 pande zote kisha nabadilisha upande mmoja tu kwa wakati mmoja, naandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vipimo vya gari ni mali.

Cha tatu hakina mvuto wowote dukani: kile kipande kinachounganisha sevo, yaani kimota kinachogeuza usukani, na fito za usukani. Cha kiwandani kinalegea mno. Unageuza usukani, sevo inageuka, magurudumu yanafuata baadaye kidogo, na kila mara yanarudi katikati mahali tofauti. Dereva anajilaumu kwamba mkono wake hauko sawa, kumbe ni plastiki. Tamiya wanauza kilicho kigumu zaidi, namba 51000, na kanuni nyingi za TT-02 nilizozisoma zinakikubali. Kwa bei yake, hakuna spea nyingine inayobadilisha gari kiasi hicho.

Kuhusu difu, kabla ya kuulizia zile za mafuta (kwetu hapana), jifunze kutumia grisi. TT-02 ina difu mbili, mbele na nyuma. Ukiijaza ya mbele kwa grisi nzito, ile ambayo Tamiya huiita Anti-Wear, magurudumu mawili ya mbele yanashikamana zaidi na gari linavutwa vizuri linapotoka kwenye kona. Ya nyuma iache nyepesi. Ukizidisha nyuma, mkia utakutoka kila unapofungua moto mapema. Grisi hiyo inalainika kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo ukiona mchana gari si lile la asubuhi, fungua difu kabla hujagusa kitu kingine.

Propela shafti ya alumini, ile halisi, inaruhusiwa kwetu. Inazunguka bila kuyumba kama ya plastiki, na sauti ya gari inatulia. Lakini iweke nyuma ya vyote nilivyotaja.

Gia ndizo zinazowavutia vijana. TT-02 hutoka na gia kubwa ya meno 70 na ndogo ya meno 22, na ndani ya chesisi kuna uwiano mwingine wa 2.6. Gawanya 70 kwa 22, zidisha kwa 2.6, unapata 8.27: mota inazunguka mara 8.27 ili tairi izunguke mara moja. Tairi ya kipenyo cha milimita 63 ina mzingo wa milimita 198 hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa mota unalisogeza gari milimita 24. Ukifunga gia ndogo ya meno 24, uwiano unashuka hadi 7.58 na gari linasogea milimita 26. Inaonekana ni tofauti ndogo, lakini kwenye ukumbi mfupi wenye kona nyingi utapoteza mchomoko, mota itachemka, na dakika ya nne wenzako watakupita. Kanuni zetu zinataja meno yanayoruhusiwa, nami nayahesabu kwa kalamu mkononi.

Mota lenyewe usiliguse. Lile la kawaida la 540 limefungwa kwa kukunjwa bati kule nyuma, na alama ya bisibisi kwenye mikunjo hiyo naiona kwa tochi. Betri iwe ya lipo (aina ya litiamu) yenye ganda gumu, seli mbili, isizidi volti 8.40 inapofika mezani. Matairi ni ya aina moja kwa wote, na dawa za kuyalainisha haziingii ukumbini kwa sababu ya harufu.

Wapo wanaopanda madarasa ya mota zisizo na brashi, zenye waya wa mizunguko 17.5 au 13.5 ndani. Huko namba ikipungua kasi inaongezeka, na orodha hazitungwi na klabu peke yake: kuna vyama vya mbio za magari ya rimoti, BRCA hapa Uingereza, EFRA kwa Ulaya, ROAR Marekani, na kila chama kina orodha zake. Kidhibiti cha mota lazima kiwe kwenye hali ambayo taa yake inawaka na kuzima, ishara kwamba hakuna kuchokonoa taiming, yaani wakati wa kupeleka umeme kwenye mota ili iongeze kasi. Ukinunua mota iliyokwisha kutumika, itafute kwenye orodha ya sasa kabla hujalipa.

Yule kijana nimemwandikia barua pepe yenye namba tatu tu: za beringi, za CVA, na 51000. Alumini yake ameiweka mtandaoni aiuze. Jumapili ijayo atakuja saa moja kabla ya wenzake. Yeye ataleta difu zake zikiwa zimefunguliwa, mimi nitaleta grisi.