Umefuta Meseji, Hujajitoa

"Zile meseji nilishazifuta, mbona bado nakatwa?" Wiki hii wateja wanne wamekaa mbele ya meza yangu na sentensi hiyohiyo. Mmoja alikuwa mama muuza samaki. "Mwanangu, hao wote nimewazuia," akaniambia kwa fahari kabisa. Nikafungua sehemu ya namba zilizozuiwa: vidokezo vya mapenzi, matokeo ya mpira, aya ya siku. Kila moja Sh150 kwa siku. Kwa mwezi Sh13,500, na mpira wenyewe hautazami.

Jamani, huduma ya meseji za kulipia haikai kwenye simu yako. Kampuni ya maudhui ina orodha ya namba zilizojiunga. Siku ikifika, mtambo wake unauomba mtandao ukate salio, na mara nyingi meseji hutumwa baada ya pesa kukatwa. Kwa hiyo futa, zuia, nunua simu mpya, namba yako bado imo kwenye orodha. Kuzuia ndiko kubaya zaidi: unakatwa na wala humwoni anayekukata.

Kutoka kuna mlango mmoja, nao uliandikwa kwenye meseji ya kwanza, ileile uliyokimbilia kuifuta. Kwa kawaida ni neno ONDOA au STOP kwenda namba fupi ya huduma hiyo. Namba fupi moja inaweza kubeba huduma kadhaa, kwa hiyo mara nyingine lazima uongeze jina: ONDOA MPIRA. Kama mtumaji ni jina badala ya namba, kumjibu hakuwezekani. Tafuta namba ndani ya maandishi, au piga huduma kwa wateja uombe utolewe kote. Halafu subiri meseji ya kuthibitisha. Watu wanatuma ONDOA, wanatia simu mfukoni, kumbe walijibiwa kwamba neno si sahihi.

"Mimi sikujiunga popote." Inawezekana, na una haki ya kulalamika. Ila kuna yale maandishi yanayoruka kwenye kioo na kitufe cha OK, na simu anashinda nayo mtoto. OK moja inatosha.

"Nina bando la SMS." Bando halihusiki, hizi zinakatwa kwenye salio la kawaida. Salio likiwa sifuri mtambo unaweza kujaribu tena baadaye, ndiyo maana vocha ya elfu moja inapungua kabla hujapiga simu hata moja. Wala si virusi vinavyokula salio.

"Nimeripoti 15040." Hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Haikutoi kwenye huduma.

"Namba fupi zote ni wizi." Si zote. Huduma ya Wazazi Nipendeni ilianza 2012: mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akapata ushauri wa ujauzito bure. Soma bei kabla ya kutuma neno, basi.

Yule mama tulimtoa kwenye mapenzi mara moja. Mpira ulitusumbua mpaka tulipoongeza jina la huduma. Nilipoanza kuandika ONDOA ya tatu akanishika mkono.

"Hiyo ya aya niachie, mwanangu. Kumbe ndiyo hiyo? Nilikuwa naisoma kila alfajiri, nikashangaa imepotelea wapi."