Umeiongezea kompyuta kasi, sasa inasuasua

Kila shule zinapofunga, karakana yetu ya kompyuta hapa chuoni hujaa. Safari hii mashine nyingi zina historia moja: kijana wa nyumbani kafuata video, kapandisha kasi ya prosesa kwenye BIOS (programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows), siku mbili tatu mambo yakawa mazuri, kisha kompyuta ikaanza kusuasua. Kwa kuwa malalamiko yanafanana, uongozi umeona ni vyema maelezo haya yatangulie wiki ya huduma ya wazi inayoanza Jumatatu.

Ovakloki, yaani huko kupandisha kasi kupita ya kiwandani, si kosa, na hakuna atakayekugombeza kaunta. Kinachotuchosha ni mtu kufika akisema "ina virusi" au "Windows imechoka", na kumbe ameshaifomati mara tatu. Mipangilio ya BIOS haikai kwenye diski. Ifomati hata mara kumi, tatizo litakukuta palepale. Zitakazokuwa zimeondoka ni picha za harusi ya dada yako.

Wiki iliyopita nilikuwa na kompyuta yenye prosesa ya Intel, Core i5-9600K, mezani. Prosesa hii isipoguswa hufika kasi ya 4.3 GHz viini vyake vyote 6 (sehemu zinazofanya hesabu) vikifanya kazi pamoja. Mwenyewe aliiweka 5.0 GHz kwa volti 1.35. Tukaipa kazi ya kutengeneza faili la video iliyohaririwa. Kwa sekunde kama 20 ilishika 5.0 kweli, joto likagonga nyuzi 100, halafu kasi ikaanza kuporomoka: 4.1, 3.6, 3.3, ikatulia hapo. Video iliyokuwa ikimchukua dakika 11 ikamaliza dakika ya 14 na ushee. Kufungua kasha, tukakuta feni ndogo iliyotolewa kwenye i3 ya mtumba, pini moja kati ya nne haijashika, hitsinki (chuma cha kunyonya joto) inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Prosesa hiyo huuzwa bila feni ndani ya boksi, na yeye alifunga iliyopatikana.

Prosesa yake haikuwa mbovu, ilikuwa ikijiokoa. Ikifika kikomo cha joto hujipunguzia kasi yenyewe, na ikishajipunguza inaweza kwenda polepole kuliko ilivyokuwa kabla hujaigusa. Hesabu yenyewe haina huruma. Joto linalozalishwa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka 4.3 GHz kwa volti 1.20 ukaenda 5.0 GHz kwa volti 1.35, kasi umeongeza asilimia 16 tu, joto umeongeza karibu asilimia 47. Sasa weka mashine hiyo kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi Januari, nyuzi 33, mlango wa kasha umesukumwa ukutani. Kila nyuzi moja ya chumba huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa. Aliyetengeneza ile video ya mafunzo uliyoifuata huenda alikuwa amevaa sweta.

Kikomo si kimoja kwa wote. Prosesa nyingi za Intel za mezani huanza kujipunguza kwenye nyuzi 100. Mwenye Ryzen (prosesa za AMD) ya 7000 asishtuke akiona 95 kwenye kazi nzito, nyingi zimebuniwa kufika hapo. Tena wenye Ryzen wana mtego wao: ukifunga viini vyote kwenye kasi moja, unapoteza ule mruko wa kiini kimoja kimoja. Ryzen 5 3600 yenyewe huruka hadi 4.2 GHz, ukiifunga 4.0 kwa viini vyote, umejipunguzia kwenye programu zinazotegemea kiini kimoja, na hizo ni nyingi.

Kuna imani nyingine, kwamba kompyuta ikiwa haijazima wala kuleta skrini ya bluu, basi ovakloki imekubali. Hapana. Memori ya kadi za grafiki za miaka hii hukagua data inayopita, ikiona kosa huituma upya. Ukiisukuma kupita kiasi, gemu halikwami, ila picha kwa sekunde zinapungua kadiri unavyoongeza megahezi. Nimemwona kijana akiendelea kuongeza, anashangaa kwa nini inashuka, anaongeza tena. Prosesa nazo hurekebisha baadhi ya makosa kimyakimya. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger, jina ambalo Windows huandikia makosa ya vifaa. Ukikuta mistari imejipanga, mashine inalalamika, na faili zako ziko hatarini hata kama bado zinafunguka. Nakili data kwanza, vipimo baadaye.

Mazabodi, ubao mkuu unaobeba prosesa, pia husahaulika. Zile za bei nafuu zisizo na hitsinki juu ya sehemu ya kugawa umeme zinaweza kupata joto hadi prosesa ikabanwa, ilhali prosesa yenyewe inaonyesha nyuzi 70. Kipimo cha joto kinakuambia kila kitu kizuri, na kasi imeanguka.

Utaratibu tunaoufuata ni huu, na ukiufuata nyumbani huenda usihitaji kuja. Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani. Kama skrini haiwaki kabisa, chomoa waya wa umeme, toa betri ya CR2032 (ile ya duara kama sarafu kwenye mazabodi), subiri dakika chache, irudishe. Ukishawasha, kumbuka kwamba umefuta na XMP (mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili), kwa hiyo ramu ya DDR4 uliyoinunua kwa 3200 sasa huenda inakwenda 2133 au 2400. Hii ndiyo sababu watu husema "nimerudisha kila kitu na bado ni nzito". Baadhi ya mazabodi hufanya hivyo zenyewe zikishindwa kuwaka, bila kukuomba ruhusa. Washa XMP, pima kwa programu ya HWiNFO huku kompyuta ikifanya kazi nzito kwa dakika 15, andika kasi na joto. Ndipo upandishe, hatua ndogo, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kuhusu waranti tunaombwa tuseme kwa uangalifu. Intel na AMD wote wanaeleza katika masharti yao kwamba madhara ya kuendesha prosesa nje ya vipimo vyake yanaweza kukunyima waranti. Jambo moja lisichanganywe na hilo: baadhi ya Core za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na tatizo la volti lililokubaliwa na Intel yenyewe. Marekebisho yaitwayo 0x129, yanayokuja ndani ya BIOS mpya, yalitoka Agosti 2024, na waranti ya prosesa za boksi zilizohusika ikaongezwa kutoka miaka 3 hadi 5. Mwenye mashine hiyo asasishe BIOS kwanza kabla ya kujilaumu.

Kwa watakaokuja: fomu ya mapokezi ina vipengele 6, na cha 4 kinauliza kama umebadilisha kasi au volti. Kijaze kwa ukweli. Tukigundua baadaye kwamba kilifichwa, kazi inasimama, ada ya uchunguzi inatozwa upya, na mashine inarudi mwisho wa foleni. Hatupokei kompyuta ambayo mwenyewe hajasaini kwamba amenakili data. Mashine isiyochukuliwa siku 14 baada ya kupigiwa simu hutozwa ada ya kuhifadhi kwa kila siku, na kusema simu ilizimika hakubadilishi hesabu. Njoo na risiti ya EFD kama kifaa ni kipya, na ile karatasi uliyoandika kasi na joto. Mwenye karatasi huhudumiwa dirisha la kwanza. Asiye nayo atapimiwa hapa, na hiyo ni saa nzima zaidi ya kukaa kwenye benchi.